Wiki mbili na kivinjari cha Vivaldi

Kwa wiki mbili sasa kazi yangu ya tafsiri naifanya kwa kutumia kivinjari kiitwacho Vivaldi, baada ya kile nilichokizoea kwa miaka mingi kuanza kunimalizia bando kabla hata ya saa sita mchana. Kompyuta yangu ya mpakato ina kumbukumbu ya kazi (RAM) ya GB 4 tu, na intaneti naipata kwa kuiunganisha na simu. Kwa hiyo nilikuwa nikitafuta kivinjari kisichotumia data bila ridhaa yangu, na kinachoweza kubeba kurasa nyingi kwa pamoja bila kompyuta kugoma.

Mwanzilishi wa Vivaldi, Jon von Tetzchner, ni mmoja wa waasisi wa kivinjari cha Opera, jina ambalo wengi wetu tulilijua kupitia Opera Mini ya simu za vitufe, enzi zile ukurasa ulipokuwa ukibanwa kwanza kwenye seva ndipo uletwe kwenye simu. Mwaka 2013 Opera iliachana na Presto, injini yake yenyewe (sehemu ya kivinjari inayogeuza msimbo wa ukurasa kuwa kile unachokiona), na kuhamia kwenye Chromium, msingi ule ule wa Chrome ya Google, na vitu vingi vilivyopendwa na watumiaji wake wa kompyuta vilibaki nyuma. Vivaldi, ambacho toleo lake la kwanza la majaribio lilitoka Januari 2015 na toleo kamili Aprili 2016, kilikusudiwa hasa watu hao.

Mara baada ya kukisakinisha, kinakuuliza unataka kiwe na vitu vichache au vyote, kizuie matangazo na wafuatiliaji (wanaorekodi kurasa unazotembelea) au kiwaache, na mstari wa vichupo, yaani kurasa ulizozifungua (tabs), ukae upande gani. Vichupo niliviweka kushoto, kwa sababu kioo cha kompyuta kina upana kuliko kimo, na majina ya kurasa husomeka vizuri yakishuka kama orodha. Matangazo niliyazuia, isipokuwa kwenye gazeti moja ninalolisoma kila asubuhi: nilibonyeza alama ya ngao kando ya anwani nikaliruhusu, maana waandishi wake wanaishi kwa matangazo hayo.

Kilichonivutia kuliko vyote kipo chini kabisa ya dirisha, nacho ni alama ndogo ya picha ambayo ukiibonyeza unapata chaguo tatu: kupakia picha zote, kuonyesha zile tu zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta, au kutoonyesha picha yoyote. Nilipochagua hili la tatu na kufungua ukurasa wa habari, maandishi yalikuja peke yake, na penye picha pakabaki patupu. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa MB, kitufe hicho kuwa mbele ya macho, badala ya kufichwa ndani ya mipangilio, ni heshima kubwa.

Siku hizi natafsiri mwongozo wa ufugaji wa nyuki. Hapo awali nilikuwa nikirukaruka kati ya matini asilia, kamusi na makala za rejea, na kila nilipohama nilipoteza mstari niliokuwa nikiusoma. Sasa nachagua vichupo viwili, nabonyeza Ctrl na F9, na kurasa zote mbili zinakaa ubavu kwa ubavu ndani ya dirisha moja. Nilipokwama kwenye neno la Kiingereza linalotaja nyuki wote wa mzinga mmoja, nikisita kati ya “koloni” na “kundi”, niliiwekea alama sentensi iliyonisaidia kuamua na kuipeleka kwenye daftari la kivinjari, nalo likaihifadhi pamoja na anwani ya ukurasa ilikotoka. Nikachagua “kundi”, na mhariri akiniuliza sababu, ushahidi ninao. Vichupo nisivyovihitaji kwa muda huo navilaza kwa amri moja, na kumbukumbu vilivyokuwa vikiishika huachiwa.

Hata hivyo, siwezi kumshauri kila mtu ahamie huku. Mipangilio ni mingi mno, na anayetaka tu kusoma habari na kutazama video atajikuta amebebeshwa mzigo asiouhitaji. Jambo zito zaidi ni kwamba injini yake ni ile ile ya Chromium inayoendeshwa kwa sehemu kubwa na Google, kwa hiyo anayehama ili kupunguza nguvu za kampuni moja juu ya mtandao atafika mbali zaidi akitumia Firefox, yenye injini yake ya Gecko. Vilevile, sehemu ya programu inayotengeneza mwonekano wa Vivaldi haiko chini ya leseni huria, ile inayomruhusu yeyote kuitumia na kuibadilisha, na kwangu mimi hilo ni doa.

Kwenye simu ya Android nimekisakinisha pia, ili alamisho na maandishi ya daftari yanifuate. Data hizo husimbwa, yaani hugeuzwa zisisomeke na mtu mwingine, kabla hazijatoka kwenye kifaa, kwa nywila ya pili tofauti na ile ya akaunti, na hata kampuni yenyewe haiwezi kukurudishia ukiisahau. Mara tu ukiwasha huduma hiyo ya kulandanisha vifaa, hifadhi nakala ya ufunguo wa usimbaji huo mahali pengine. Yangu iko kwenye flashi ninayoiweka kabatini pamoja na vyeti vyangu.