Kitalu cha vijana njia ya Makambako: miche mizuri, na zaidi ya miche

Msimu wa kupanda umekaribia na kila nikikutana na mtu sokoni Njombe swali ni lile lile: mama, miche ya parachichi unachukua wapi? Nimejibu mpaka nimechoka, bora niandike. Nachukua kwenye kitalu cha vijana cha kijijini kwetu, kati ya Njombe na Makambako, unaacha lami unashuka kidogo kuelekea bondeni. Bango hawana. Ukiona chanja za kivuli zilizoezekwa majani na viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, vimepangwa kwa mistari, umefika. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoibakiza nitaisema wazi, maana nataka wairekebishe.

Bei: parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa, ni 4,000, aina ya Fuerte hivyo hivyo. Mche wa mvengi, mti wa asili wa kwenye vyanzo vya maji, ni 500, na ukienda kuupanda kwenye chanzo cha maji cha kijiji unapewa bure. Unalipa taslimu au kwa simu. Usafiri unajitafutia, ila kupakia kwenye kirikuu wanapakia wao, tena kwa uangalifu, viriba vimesimama na kubanana ili udongo usivunjike njiani.

Kuhusu miche yenyewe. Siku niliyokwenda kuchagua, binti anayesimamia upande wa parachichi aliuchukua mche mmoja, akachana kiriba kwa wembe kuanzia chini mpaka juu, akanionyesha mzizi mkuu. Umenyooka. Mche ambao mzizi wake umejikunja ndani ya kiriba hukudanganya mwaka wa kwanza kwa majani mazuri, halafu unadumaa. Kisha akashika kiungo, pale kikonyo kilipobebeshwa juu ya shina. Kovu limefunga, utepe umeshatolewa, kikonyo na shina vimelingana unene. Akaniambia, "Mama, hapa pasifukiwe na udongo hata ukipanda kwenye shimo refu." Ule mche uliochanwa hakuuweka kwenye hesabu yangu. Aliukata kwa ajili ya kunifundisha tu.

Ndiye huyo huyo aliyenieleza kwa nini Hass peke yake haitoshi shambani. Ua la Hass hufunguka likiwa jike asubuhi, linafunga, na kesho yake mchana linafunguka tena likiwa dume. Fuerte kinyume chake: jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Kwa hiyo asubuhi Hass inapongoja chavua, Fuerte ndiyo inayotoa. Nyuki wakipita wanafanya kazi iliyobaki. Kuna watu wana ekari nzima za Hass na wanalalamika maua yanapukutika, na hakuna aliyewahi kuwaambia jambo hili dogo.

Nalisisitiza hilo kwa sababu kabla ya kitalu hiki kuwepo, mchuuzi mmoja wa barabarani aliniuzia miche akiita Hass. Nimeihudumia kwa samadi, nimeipalilia, na ilipozaa, tunda liliiva ngozi ikabaki kijani, wakati Hass halisi ikiiva huwa nyeusi. Mnunuzi akageuza gari. Miaka ya kungoja parachichi hairudishwi na mtu. Popote utakaponunua, uliza vikonyo vimetoka mti gani na kama kitalu kinakaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Anayekereka kwa swali hilo, mwache.

Kilichonifanya niwaamini hawa vijana ni biashara waliyoikataa. Alikuja baba mmoja na pikipiki, anataka miche ya milingoti, yaani mikaratusi, kwa ajili ya bonde lake, na fedha anayo mkononi. Wakamwuliza bonde liko wapi, mto uko umbali gani. Wakamwambia milingoti hawaoteshi kabisa. Wakamshauri bondeni aweke mivengi, na parachichi azipeleke kwenye mwinuko, kwa sababu Juni na Julai baridi yetu hushuka na kutulia mabondeni, barafu ya alfajiri inachoma mche mchanga ukawa mweusi. Aliondoka na mivengi kumi na kitu. Fedha nyingi alirudi nayo nyumbani.

Hapa ndipo lazima nirefushe maneno, maana miche hii imetoka kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kutoka kwenye kiriba.

Kwetu mlingoti ni benki. Mzee anaupanda mtoto akiwa mdogo, mtoto akifika sekondari mzee anauza nguzo, na tangu umeme ulipoanza kusambazwa vijijini nguzo zina soko. Tatizo ni pale zilipopandwa. Milingoti ilishuka mpaka kwenye chemchemi, na mti ule unakunywa maji kiangazi na masika. Mimi ni mjumbe wa jumuiya yetu ya watumia maji, najua kinachoingia kwenye tangi. Ikifika Oktoba ndoo zinalala foleni.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Lakini wengi wetu tulikuwa tunaisikia ikitajwa pale tu mtu anapotakiwa kuondoka kwenye kinyungu, bustani ya bondeni ya kiangazi. Na nani analima vinyungu? Wanawake, na vijana ambao hawajarithi shamba. Kiangazi ndiyo mboga yao, mahindi mabichi yao, ada ya mdogo wao. Sheria ikawashukia wao, na milingoti ya wenye uwezo imesimama mita kumi kutoka kwenye maji.

Hoja ya vijana ilikuwa hiyo tu: tupimwe wote kwa futi kamba moja. Hawakwenda kupiga kelele. Waliandika barua kwa mtendaji wa kijiji, wakaomba iwe ajenda kwenye mkutano mkuu. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982, ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Vijana wetu walikuwa hawaendi, wakisema ni mambo ya wazee. Safari hii walipita kitongoji kwa kitongoji, kijiwe cha bodaboda, mpaka kwenye vilabu vya ulanzi, wakiomba wenzao waje. Wakaja. Sijawahi kuona uwanja wa shule umejaa vijana bila mpira kuchezwa.

Mzee mmoja alisimama akasema milingoti hiyo ndiyo imesomesha watoto wake wanne. Ni kweli, na kila mtu anajua. Binti wa kitalu akasimama. "Kamwene baba. Hakuna anayesema ukate leo. Uza nguzo zako, ni jasho lako. Tunaloomba, zikishaanguka, visiki visiachwe vichipue." Hilo ndilo lililopita. Mlingoti ukikatwa huchipua wenyewe, kwa hiyo bila kushughulikia kisiki umefanya kazi bure. Mwenye milingoti ndani ya mita 60 anavuna yake, visiki vinang'olewa au vinamenywa magome vife, na mahali pake inapandwa mivengi kutoka kitalu, bila malipo. Wenye vinyungu ndani ya mstari walionyeshwa eneo la kijiji la kuhamia. Halmashauri ya kijiji ikaandaa sheria ndogo, mkutano ukaijadili, ikapelekwa wilayani kuidhinishwa. Haikuwa kazi ya wiki moja, lakini ipo, na ina mhuri.

Tangu hapo, kila mkutano, mmoja wa vijana anasimama na daftari na kusoma: iliyopandwa ni mingapi, iliyo hai mingapi, iliyokufa mingapi na ilikuwa eneo la nani. Tumezoea nchi hii kuhesabu miti siku ya kupandwa. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na kupanda si kazi ngumu. Kazi ni kurudi Agosti na kuangalia nini kimebaki. Nikiulizwa kitalu hiki kinauza nini hasa, nitasema kinauza mti ambao kuna mtu atarudi kuuangalia.

Na kwa kuwa kimejengwa kwenye ardhi ya kijiji, daftari hilo linasomwa pamoja na mauzo yao. Mkutano uliofuata watu wakaanza kudai mapato na matumizi ya kijiji nayo yasomwe hivyo hivyo, mstari kwa mstari. Yakasomwa.

Sitadanganya kwamba maji yamerudi kama ya enzi za bibi zetu. Mvengi unachukua miaka. Ninachokiona ni kwamba chini ya chemchemi ardhi imeanza kulowa tena na matete yameota. Na maji haya hayaishii kwetu. Ruhudji inayopita Njombe mjini inaungana na Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na kwenye Rufiji ndipo lilipo Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115. Anayewasha taa Dar es Salaam ana deni na vyanzo vya nyanda hizi.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 yule binti aliingia halmashauri ya kijiji. Mwenzake, kijana mwenye kichwa kizuri cha hesabu, hakuweza kugombea kwa sababu hana chama na sheria zetu hazimtambui mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ilishaamua mwaka 2013, kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba kizuizi hicho kinavunja haki. Bado kipo. Naona ni hasara, kwa sababu ndiye anayetunza lile daftari.

Na siwezi kuandika kuhusu vijana nikaruka Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Vijana waliingia barabarani katika miji mingi, Mbeya ikiwemo. Watu walikufa. Intaneti ilizimwa siku kadhaa. Wengi niliozungumza nao baada ya hapo walisema hawataki tena kusikia neno kura wala neno mkutano, na mimi kama mzazi sikuwa na neno la kuwalaumu. Vijana wa kitalu walikuja mkutano uliofuata na daftari lao. Walikuwa wachache kuliko kawaida na sauti ziko chini, lakini walisoma. Mahali ambapo mtu wa miaka 19 ananyoosha mkono mbele ya baba zake, na alichosema kinaandikwa kwenye muhtasari, ni mahali pa kulindwa. Hilo halifuti kilichotokea, wala halichukui nafasi ya uchaguzi wa haki. Tunastahili vyote.

Sasa ile nyota. Risiti hawatoi mpaka uombe, na ukiomba unaandikiwa kwenye kipande cha karatasi. Wanunue kitabu, wateja wakubwa wanakihitaji. Kuanzia Desemba simu haipokelewi. Najua wako shambani, lakini mtu ametoka Ilembula au Wanging'ombe kwa nauli yake. Miche ya mianzi usichukue kwa sasa, ni dhaifu, niliyopanda mingi imekufa na majirani wanasema hivyo hivyo. Kubwa zaidi, kuna miche inayotolewa kivulini moja kwa moja kwenda kwa mteja bila kuzoeshwa jua. Ikifika shambani majani yanaungua wiki ya kwanza. Waambie wakuwekee yako juani mapema kabla hujaja kuichukua. Ukiwaambia wanafanya, lakini ilitakiwa wafanye bila kuambiwa.

Fuerte huisha mapema sana kwa sababu wanabebesha chache. Ukiitaka, weka oda kabla ya Septemba kuisha na utangulize nusu ya fedha. Waeleze shamba lako likoje, mwinuko au bondeni, na maji yako umbali gani, watakupangia kipi kiende wapi. Mashimo ya sentimita 60 kwa 60 yachimbwe mapema na samadi iwe imeshaoza ndani yake kabla ya mvua za Novemba.

Siku ya mkutano wa kijiji kitalu kinafungwa tangu asubuhi, wote wanakwenda. Ukikuta hakuna mtu, panda juu mpaka uwanja wa shule, watakuhudumia wakimaliza. Mgeni anaruhusiwa kukaa na kusikiliza.