Freedom+ Surf ya Ocean Guardian: inapunguza hatari ya papa, haiiondoi

Kifaa hiki cha Australia hufungwa kwenye ubao wa kuteleza mawimbini. Betri hukaa kwenye pedi ya mkiani, na antena bapa yenye elektrodi mbili (vipande vinavyotoa umeme majini) hubandikwa chini ya ubao. Papa ana vitundu vyenye ute puani, ambavyo huhisi hata umeme hafifu wa windo. Mapigo ya umeme ya kifaa huvielemea, naye hugeuka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders walikijaribu kwa papa weupe kwenye visiwa vya Neptune, Australia Kusini, na kutoa matokeo mwaka 2018. Bila kifaa, chambo kililiwa katika asilimia 96 ya majaribio. Kifaa kikiwepo, asilimia 40. Arobaini bado ni nyingi, jamani! Lakini bangili ya sumaku iliyopimwa pamoja nacho haikuleta tofauti ya maana, kwa hiyo pesa yako usiipeleke huko.

Kabla ya kubandika antena, ondoa nta na mafuta yote, kisha ubao ukauke kabisa, maana gundi haishiki penye unyevu. Elektrodi zote mbili lazima ziwe majini, la sivyo umeme haupiti. Mpiga mbizi asinunue hiki. Atafute Freedom7, inayofungwa mguuni na kuburuta antena yake nyuma.