Meza ya Kamukunji na malori ya Waiyaki Way

Nimekaa na meza hii ya kuzuia mtetemo kwenye vipimo vyangu vya maabara miezi mitatu, sasa naweza kuisema. Ni kazi ya fundi wa jua kali pale Kamukunji: fremu ya chuma cha mraba, miguu iliyojazwa mchanga, tyubu nne za wilbaro, na juu yake bamba la graniti lililobaki kwa watu wa kaunta za jikoni. Shilingi 14,000, na mkokoteni hadi kampasi ya Chiromo nikalipa mwenyewe.

Fundi alitaka kujua nitaweka nini juu. Nikamwonyesha picha ya kijiti cha TaS3, fuwele ya tantalamu na salfa, chembamba kuliko unywele. Akacheka. "Madam, meza yote hii ya unywele?"

Ndiyo. Kikipoa hadi kama nyuzi 55 chini ya sifuri, elektroni zake hujipanga kwa mawimbi, hapa zimesongamana, pale haba. Uchafu ulio ndani ya fuwele huyanasa mawimbi hayo. Volteji ikivuka kizingiti, yanachomoka na kuteleza kwa pamoja, na mkondo unapanda. Sasa, ukikivuta kijiti kidogo tu, kizingiti huhama. Na ukikitikisa kwa masafa yanayofaa, mtelezo unaweza kushikana na mtikisiko, mchoro wa mkondo ukatoka na vingazi, yaani kama vidato vya ngazi. Vingazi hivyo ndivyo ninavyovisaka kwa spika ndogo ya redio. Lakini nitakitikisaje mimi ilhali malori ya Waiyaki Way yamenitangulia?

Zamani nilikuwa napima saa nane usiku, na mchoro bado ulitetemeka. Siku hizi napima saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imeshika, na mstari umetulia. Sifa zote si za meza, lakini. Waya zikichezacheza huzalisha mkondo wao wenyewe, mdogo ila wa kuudhi. Siku nilipozibana kwa tepu kwenye graniti nilipata nafuu nyingine kubwa. Nilikuwa nimewasingizia wenye matatu.

Kasoro? Mguu mmoja ni mfupi, nimeuwekea kadibodi. Mtetemo wa haraka unazuiwa vizuri, ila kuyumba kwa polepole, mtu akitembea kwa kishindo koridoni, bado kunapita. Usijaze tyubu zikawa ngumu. Zikiwa laini ndipo zinafanya kazi. Ya kushoto huvuja, kwa hiyo pampu ya baiskeli inakaa chini ya meza, karibu na chupa ya nitrojeni.

Nimeagiza ya pili. Safari hii nimebeba futi yangu ya kupimia miguu.