TAHADHARI: Anayeuza "laptopu maalumu za darubini" anabandika majina ya uongo kwenye prosesa na kuwatoza watu programu za bure

Wapiga picha za anga, na hasa ninyi mnaoanza, tafadhali someni hadi mwisho kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji mtandaoni anayetangaza laptopu "zilizoandaliwa kwa ajili ya kuendesha darubini na kupiga picha za nyota", kwa bei inayoonekana ya huruma. Wenzetu kadhaa wameshalizwa. Mashine ya mmoja wao nimeifungua mimi mwenyewe na kuikagua, na nitakayoyaeleza hapa nimeyaona kwa macho yangu. Jina lake siliandiki kwa sababu analibadilisha kila akishtukiwa. Njia zake ndizo zilezile, kwa hiyo shikeni njia.

Anza na tangazo lenyewe. Limejaa picha za kupendeza, na chini yake ameandika kwamba zimepigwa na wateja wake kwa darubini ndogo na laptopu hizo. Picha mojawapo ni ya Nguzo za Uumbaji, zile nguzo za gesi na vumbi zilizo ndani ya Nebula ya Tai, M16. Itazameni vizuri. Kila nyota angavu imechomoza miale minane: sita mirefu na miwili mifupi ya ubavuni. Hiyo ni alama ya darubini ya James Webb, inayotokana na vioo vyake vyenye pembe sita na nguzo zinazokishikilia kioo kidogo cha mbele. Darubini ya lenzi haitoi miale ya namna hiyo kabisa, na ile ya kioo tunayoitumia wengi wetu, yenye vishikizo vinne, hutoa miale minne. Yaani mtu huyu amechukua picha ya darubini iliyorushwa angani mwaka 2021 akaiita kazi ya mteja wake. Anayeanza hawezi kulijua hilo, na ndiye anayelengwa.

Sasa mashine yenyewe. Kibandiko cha nje kinasema prosesa, yaani chipu inayoendesha kompyuta, ni i7 ya Intel ya kizazi cha 10. Ukifungua ukurasa wa Windows unaoonyesha sifa za kompyuta, nao unasema hivyohivyo, na hapo ndipo mnunuzi anaporidhika. Lakini jina lile Windows hulisoma kutoka kwenye rejista yake, yaani hifadhi ya mipangilio yake, na rejista inaandikika. Ndani ya mashine niliyoikagua kulikuwa na kijiprogramu kinachojiwasha kila kompyuta inapowaka na kuliandika upya jina la prosesa. Nilipoingia kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayowaka kabla Windows haijaamka, jina la kweli lilikuwa palepale: i7-7500U. Programu ya bure ya CPU-Z, inayoiuliza prosesa moja kwa moja, ikasema hivyohivyo. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2016 yenye kore 2 tu, yaani viini viwili vya kufanyia kazi. Kwa kulinganisha, i5-8250U ya mwaka 2017 ina kore 4, ingawa inaitwa i5. Kwa hiyo namba inayofuata baada ya neno i5 au i7 ina uzito kuliko neno lenyewe, na muuzaji yeyote anayekataa kuitaja namba nzima ana jambo analolificha.

Kizazi kina uzito mwingine pia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubaliwa rasmi kwenye prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, ukiacha chache za kizazi cha 7 ambazo hii si mojawapo. Mashine hii ilikuwa imewekewa Windows 11 kwa kuruka ukaguzi wa prosesa. Itawaka na itafanya kazi, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Kilichoniuma zaidi ni diski. Tangazo linasema SSD ya terabaiti 1. Ndani kulikuwa na kipande cha kumbukumbu kidogo sana ambacho kimefundishwa kusema uongo kuhusu ujazo wake. Ukiweka faili za mwanzo, zinasomeka. Nafasi ya kweli ikijaa, diski inaendelea kupokea kana kwamba hakuna kilichotokea, huku faili mpya zikifuta za zamani au zikiandikwa pasipo na kitu. Fikirieni maana yake kwetu. Kamera ya megapikseli 26 hutoa faili ya takriban megabaiti 52 kwa kila picha ya biti 16. Picha 120 za usiku mmoja ni gigabaiti 6 na ushee, kabla hujaongeza zile za giza na za mwanga sawia unazozihitaji kwa masahihisho. Usiku kucha N.I.N.A., programu ya kuendesha kamera na darubini, inakuonyesha picha safi kwenye skrini, kwa sababu inakuonyesha ile iliyotoka kwenye kamera ikiwa bado kwenye ramu. Asubuhi unafungua programu ya Siril ili uzipange pamoja ziwe picha moja, na faili hazifunguki. Mwenzetu aliilaumu kamera yake, akalaumu kebo, akalaumu umande. Alipoteza usiku wa anga safi usio na mwezi, na kila mmoja wetu anajua jinsi usiku wa namna hiyo unavyosubiriwa. Pesa inaweza kutafutwa tena. Usiku ule haurudi.

Dawa yake ni kuipima diski kabla ya kuiamini: H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux. Programu hizi zinaijaza nafasi iliyo wazi kisha zinasoma tena kila kilichoandikwa. Zinachukua saa nyingi. Vumilieni.

Halafu kuna "kifurushi cha programu za kitaalamu" ambacho anakitoza pesa ya ziada. Orodha yake nimeiona: N.I.N.A., ASCOM, PHD2, Stellarium, ASTAP, Siril, DeepSkyStacker. Zote hizo ni za bure. Watu walioziandika wametoa muda wao ili mimi na wewe tuzitumie bila kulipa, na mtu huyu anaziuza kama mali yake. Kibaya zaidi, kwenye orodha kuna pia PixInsight, ambayo ni ya kulipia, naye ameiweka iliyovunjwa leseni. Ili ifanye kazi amezima kinga ya virusi ya Windows na kuyatenga mafolda kadhaa yasikaguliwe. Mashine ya namna hiyo usiingie nayo kwenye barua pepe yako, sembuse benki.

Na kebo. Anatoa bure "kebo ya kuunganisha darubini na laptopu", na zawadi hii inaweza kukugharimu kuliko laptopu yenyewe. Chipu iliyomo ni ya kuigiza. Draiva rasmi (programu ya kukitambulisha kifaa kwa kompyuta) ya Prolific, kampuni ya chipu halisi, inaikataa na kuonyesha kosa la Code 10. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba vitako vingi vya Sky-Watcher (vishikizo vyenye mota vinavyoigeuza darubini), ukitaka kuviunganisha na kompyuta bila kupitia kidhibiti cha mkononi, vinahitaji kebo maalumu iitwayo EQDIR, yenye volti ndogo (kiwango cha TTL). Kebo ya RS-232 ya kawaida hupeleka volti chanya na hasi zinazoweza kufika 12, na inaweza kuiunguza bodi ya mota. Plagi zinaingiana bila tatizo, ndiyo maana ni hatari. Usichomeke kebo usiyojua imetengenezwa kwa kitako gani.

Nawaambia sasa jambo ambalo muuzaji huyu hataki mlijue: laptopu "ya nyota" haipo. Kuendesha kitako, kuongoza kwa PHD2 (kuirekebisha darubini isiiache nyota), kutambua darubini inatazama wapi kwa ASTAP na kupokea picha za galaksi na nebula ni kazi nyepesi. Picha moja inachukua dakika kadhaa kupigwa. Kompyuta muda mwingi inasubiri. Laptopu ya mtumba ya kazi za ofisini, yenye i5 ya kizazi cha 8, ramu ya gigabaiti 8 na SSD ya kweli ya gigabaiti 256, inatosha kabisa. Kazi nzito ni kuzipanga na kuzisafisha picha baadaye, na hapo ndipo ramu ya gigabaiti 16 au zaidi inapohitajika, lakini kazi hiyo unaweza kuifanya nyumbani kwenye mashine nyingine.

Sayari ndizo zenye masharti tofauti. Ukirekodi Mshtarii au Zohali unachukua video, si picha moja moja. Fremu za pikseli 1920 kwa 1080, biti 8, fremu 60 kwa sekunde, ni kama megabaiti 124 kila sekunde, zaidi ya gigabaiti 7 kwa dakika. USB 2.0, ambayo kwenye karatasi inafika megabaiti 60 kwa sekunde na kwa vitendo haifiki hapo, haiwezi kubeba mzigo huo. Hapo unahitaji tundu la USB 3.0 na SSD inayoandika haraka. Laptopu za bei ya chini zenye hifadhi ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD, ziepukeni kwa kazi hii, hata zikiwa mpya dukani. Na ukikuta mashine yenye Windows ya hali ya S, jua kwamba haikubali programu za nje ya duka la Microsoft. Kuitoa kwenye hali hiyo ni bure, usikubali kutozwa.

Kabla ya kumlipa muuzaji yeyote, si huyu peke yake, mwombe video ya moja kwa moja, si picha. Aizime laptopu, aiwashe, aingie BIOS na aonyeshe jina la prosesa na ramu. Aendeshe CPU-Z. Afungue CrystalDiskInfo muone diski imetumika saa ngapi na hali yake. Aandike amri ya powercfg /batteryreport na aonyeshe ujazo wa betri ilipotengenezwa na ujazo wa sasa. Mkiwa porini usiku na baridi ikaingia, betri iliyochoka itakata mapema kuliko mnavyodhani. Mwisho airudishe kwenye hali ya kiwandani na kuiunganisha na intaneti mkiwa mnatazama. Ikidai akaunti ya kampuni, mashine hiyo bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo, na huenda imeibwa. Muuzaji mwaminifu atalalamika kidogo kwamba unamchosha, kisha atafanya. Huyu tunayemzungumzia husema mtandao wake ni mbovu, kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani, kwamba ulipe nusu sasa ili akuwekee.

Kama umeshalipa, hifadhi mazungumzo yote, tangazo na uthibitisho wa malipo kabla hajafuta. Peleka malalamiko kwa mtandao alikotangazia na kwa huduma uliyolipia, siku hiyohiyo, kisha toa taarifa polisi. Kama laptopu umeshaipokea, piga picha za ulichokikuta kwenye BIOS na matokeo ya kupima diski kabla ya kugusa chochote, kwa sababu huo ndio ushahidi wako. Baada ya hapo badilisha diski na usafishe kila kitu. Mashine kama ile ya i7-7500U bado inaweza kukufaa ukiiwekea Linux pamoja na programu za darubini za KStars, Ekos na PHD2, maana kwa picha za nebula nguvu yake inatosha. Na manenosiri yote uliyowahi kuyaandika humo yabadilishe leo, ukitumia kifaa kingine.