Singeli: kigodoroni au kwenye simu?

Singeli ni muziki wa kompyuta uliozaliwa uswahilini, Dar es Salaam. Unaweza kuufuata kigodoroni, yaani kwenye sherehe ya mtaani, au mtandaoni.

Kigodoroni, Manzese au Tandale, spika zimepandishwa juu ya spika, vumbi linatimka, midundo inapita 200 kwa dakika, kipande cha taarab kimeongezwa kasi hadi kinalia kama filimbi. MC anawataja watu wa mtaa kwa majina nao wanamjibu kwa miguu. Ukiupenda wimbo, mfuate DJ akurushie kwenye simu au flashi. Tatizo, faili nyingi hazina jina la aliyetengeneza biti. Zikifika mtaa wa pili, mwenyewe hajulikani tena, na hilo linaniuma.

Hapo mtandao unasaidia. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso, Mburahati, na maprodyuza wakajulikana hadi Ulaya. Ila kwenye simu besi inapotea.

Kusikiliza, nachagua kigodoro. Rafiki aliye mbali namtumia linki yenye jina la prodyuza, na namsisitiza avae hedifoni.