LED kwenye Probox: mwanga safi, ila angalia mpira wa nyuma ya taa

Probox yangu inafanya kazi ya Dar na Njombe, safari nyingi za usiku. Globu za halojeni za H4 (wati 60 kwenye fulu, 55 kwenye dimu) hazikuwa mbovu, ila mvua ikikukuta milima ya Kitonga usiku, unatamani mwanga zaidi. Nikaingia Gerezani, Kariakoo, nikachukua LED za taa kubwa na za foglaiti (taa za ukungu), nikafungiwa hapohapo.

Kwa mwanga sina la kulalamika. Ukingo wa barabara unauona mapema, alama za barabarani zinang'aa. Kwenye ukungu wa Mafinga, fulu ile nyeupe inakurudia usoni, kwa hiyo unabaki na dimu, kama zamani tu.

Muuzaji alisisitiza kwamba LED "haipati moto". Hiyo ni nusu ya ukweli. Gusa kioo cha taa baada ya safari ndefu, utakikuta hakina joto la maana. Joto lake limebaki nyuma, kwenye kitako cha globu penye mapezi ya chuma na kifeni vya kuipooza. Halojeni inarusha joto lake mbele, na joto hilo ndilo lililokuwa likikausha unyevu ndani ya taa siku zote, wala hakuna aliyelipigia hesabu. Ukishaitoa, unyevu unabaki umekaa.

Masika ndiyo yaliyoumbua kazi ya fundi. Kifeni hakikuenea ndani ya ule mpira mweusi unaofunika nyuma ya taa, akaukata kwa wembe. "Hamna shida bosi, kinapata hewa." Hewa kilipata kweli, pamoja na vumbi na maji. Asubuhi kioo cha kushoto kimeingia ukungu kwa ndani, na kwenye kona ya chini matone yamejipanga mstari. Taa ikizimwa na kupoa, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta ya nje, na hapo ilikuwa imeachiwa mlango wazi. Fundi wa pili akataka kuziba kila upenyo kwa silikoni. Nikakataa. Taa ina vitundu vyake vya kupumulia. Ukiviziba, maji yaliyomo hayana pa kutokea.

Nilinunua mpira mpya, nikabadilisha LED nikachukua zenye kitako kifupi kinachoingia chini ya mpira bila kukatwa, taa zikafunguliwa na kuanikwa. Sasa hivi kukiwa na baridi naona ukungu mwembamba tu, unaisha wenyewe. Huo hausumbui. Maji yakichezacheza ndani, hapo taa inavuja.

Foglaiti ni habari nyingine. Zimekaa chini kwenye bampa, kila dimbwi ni lao. Kifeni cha upande wa kulia kilijaa tope jekundu kikagoma, na LED bila feni ikaanza kufifia, mwisho ikawa inakonyeza. Nimerudisha halojeni za wati 55. Kioo kinapata joto, kinakauka. Nikiona maji yametuama barabarani nazizima kabla, maana kioo cha moto kikimwagiwa maji ya baridi ghafla kinaweza kupasuka.

Kuna watakaokushauri uweke globu za wati 100. Kwa volti 12, wati 60 ni ampea 5. Wati 100 ni zaidi ya 8, kwenye waya na soketi zilezile za kiwandani. Nimeona soketi ya Noah ya jamaa yangu imegeuka kahawia na kulainika kama karameli. Bila rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa) na waya nene, achana nazo, na hata ukiviweka, joto la ziada bado linaunguza kioo cha ndani cha plastiki kinachorudisha mwanga.

LED za taa kubwa nabaki nazo. Ukishafunga, elekeza gari ukutani upange upya urefu wa mwanga, maana taa iliyotengenezwa kwa ajili ya globu ya halojeni inautawanya mwanga wa LED na kuwaumiza macho wanaokuja mbele. Na dukani nenda na mpira wako mkononi, uuvalishe globu palepale kabla hujatoa hela.