Ibuprofeni au parasetamoli kwa papa anayekojoa kwa shida?

Kwenye farmasi za Kadutu, hapa Bukavu, swali ni lile lile: papa anaumwa mgongo, tumpe ipi? Mimi huuliza kwanza habari za mkojo wake.

Mwili hutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta maumivu na uvimbe lakini zenye kazi nyingine pia. Ile ya E2 hukaza misuli ya kibofu na kulegeza mrija wa mkojo: inasukuma huku inafungua mlango. Mwaka 1971 mwanasayansi wa dawa John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wake, na ibuprofeni hufanya vivyo hivyo. Mzee mwenye tezi dume iliyokua, kibofu chake kikipungukiwa na msukumo huo, mkojo unaweza kugoma ghafla. Parasetamoli haigusi sana huko, hapo inashinda.

Kwenye goti lililovimba au jino, ibuprofeni iko mbele, sibishi. Tena, ajabu, kibofu kinachojikaza ovyo usiku kinaweza hata kutulia nayo.

Bei? Zote ni za kawaida. Madhara ndiyo tofauti: ibuprofeni huchubua tumbo na kuelemea figo, hasa kwa wanaomeza dawa za presha. Parasetamoli huharibu ini ukizidisha gramu 4 kwa siku, na mpenzi wa kasiksi, pombe ya ndizi, asifike hata hapo.

Mama mwenye goti bovu, figo nzima na mkojo usio na taabu, ningempa ibuprofeni baada ya chakula. Papa anayesimama chooni muda mrefu, parasetamoli. Mkojo ukikwama kabisa, acheni vidonge, mpelekeni hospitali awekewe sonda, mrija wa kutoa mkojo.